Kiwanja Kisichofungiwa

Mwezi Juni 2024 timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, ilikuwa na mechi mbili za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia, na ili icheze nyumbani ililazimika kupanda ndege hadi Lilongwe, Malawi. Tarehe 7 ikatoka sare ya 1-1 na Burundi. Tarehe 11 ikatoka 0-0 na Ivory Coast, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Viwanja vya Nairobi, Kasarani na Nyayo, havikuwa na kibali cha CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa hiyo mwenye nyumba akaazima sebule ya watu apokelee wageni wake.

Kati ya tarehe hizo mbili palikuwa na Jumapili, na Jumapili ya Pwani ya Kusini ina desturi yake. Ukishuka feri ya Likoni ukafuata barabara ya Lunga Lunga, ukapita Waa, Tiwi na Ukunda mpaka Msambweni, kila baada ya mwendo mfupi utakuta mahali ambapo alasiri ya wikendi vijana ishirini na wawili, au kumi na tisa ikiwa ndio waliopatikana, huvaa jezi za rangi zinazokaribiana wakaanza kukimbizana. Pana mti mkubwa upande mmoja, mawe upande wa pili, na mteremko katikati. Hapo ndipo kiwanjani. CAF haijawahi kukifungia kiwanja cha aina hiyo, wala FIFA, wala serikali. Kasarani yenye viti vya makumi ya maelfu ilinyimwa kibali. Kiwanja cha kijiji kisicho na kiti hata kimoja hakijawahi kuhamishia mechi yake Malawi.

Viwanja vizuri vina wapambe wa kutosha. Hiki kibovu, kinacholaumiwa kila Jumapili jioni na timu zote mbili, hakina wa kukisemea, na hiyo ni dhuluma inayostahili kurekebishwa.

Tuanze na jina. Kwa vijana, kiwanja ni mahali pa mpira. Kwa dalali wa ardhi wa Ukunda, kiwanja ni futi hamsini kwa mia, kimeshapigwa vigingi, na bei yake inazungumzika. Maana hizi mbili zimekaa katika neno moja kama mke na mke mwenza, na pwani hii, ambako kesi za ardhi ni nyingi kuliko minazi, maana ya pili huila ya kwanza. Kipande kilicholala sawa, chenye nyasi laini na upepo wa bahari, hakikawii kuota ukuta. Kiwanja kibovu huokolewa na ubovu wake. Dalali humleta mnunuzi, mnunuzi hujikwaa kwenye jiwe, huuliza kusawazisha kutagharimu kiasi gani, kisha wote wawili hurudi garini bila kuzungumza. Jiwe lile, kwa kazi hiyo moja tu, limewafaa vijana kuliko risala zote walizowahi kumsomea mheshimiwa.

Na si jiwe la juzi. Mwambao wa Diani umekaa juu ya matumbawe ya kale, mwamba uliojengwa na vidudu vya baharini zama ambazo maji yalifika juu kuliko yanapofika leo. Winga anayekwaruzwa goti hapo amekwaruzwa na kitu kilichotangulia kandanda kwa makumi ya maelfu ya miaka, na sheria za kandanda zenyewe ziliandikwa London mwaka 1863. Nani basi ni mgeni wa nani? Ukiuacha ufuo ukapanda bara kidogo, jiwe huupisha mchanga, ule mwekundu ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini. Huo nao una ukoo mkubwa. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium iliuchimba katika vilima vya Kwale, ikatenga ndani yake madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na kuyapakia melini Likoni. Ilmenaiti na rutaili ndizo hutoa titani, na sehemu kubwa ya titani duniani huishia kwenye rangi nyeupe. Mchanga uliozigeuza soksi za beki kuwa kahawia moja kwa moja, hata mamake amechoka kuzifua, una ndugu zake ng'ambo wanaozifanya kuta za watu zing'ae.

Mteremko ndio unaosemwa vibaya kuliko vyote. Wanaousema hawajafika Lord's. Uwanja huo wa London, ambako kriketi imechezwa tangu 1814 na ambao wachezaji wake huuingia kwa adabu ya msikitini, umeinama mita mbili na nusu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hawajausawazisha. Mrusha mpira mgeni hufundishwa mteremko kama mwali afundishwavyo nyumba, na akishauelewa huandika kumbukumbu juu yake. Kriketi kwa kweli ina jambo la kuigwa: inaipa ardhi heshima yake. Kabla ya sarafu kurushwa, manahodha huchutama kuupapasa udongo, naye mtangazaji huueleza wasifu wake kama anayemtambulisha bwana harusi ukweni. Kenya imeujua mchezo huo vizuri, ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na pale ng'ambo ya feri, Mombasa Sports Club ya tangu 1896 imeshapokea mechi za kimataifa. Lakini kriketi hudai kwanza kipande cha mita ishirini kilichoshindiliwa kikawa kama meza. Kijiji chenye jembe, panga na toroli moja la kuazima hakina rola. Soka ilikuja bila masharti, ikasema popote patafaa, na ikakamatwa neno lake.

Katika soka pia mteremko una siku yake ya utukufu. Klabu ndogo ya Yeovil Town, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilikuwa na uwanja ulioinama waziwazi kutoka mstari mmoja wa pembeni hadi wa pili. Tarehe 29 Januari 1949 Sunderland, timu ya daraja la juu yenye wachezaji wa bei mbaya, ilikwenda pale kwa mechi ya Kombe la FA ikafungwa 2-1. (Sunderland wawekwe pembeni kwanza, watarudi.) Kijijini hesabu hiyo inafahamika bila mtu kuisoma popote. Nahodha akishinda sarafu haulizi tu goli la juu au la chini. Anatazama na upepo. Msimu wa kusi si wa kaskazi, na goli lililokuwa zuri Januari linaweza kuwa adhabu Julai. Wako wanaoshikilia kwamba ni heri kupanda kwanza miguu ingali mipya, kisha kushuka. Wako wanaosema heri kushuka kwanza, mfunge matatu, halafu mpande mkilinda. Mabishano haya huanza Ijumaa barazani, na Jumapili sarafu yenyewe huangukia kwenye nyasi isionekane.

Kuhusu mchanga upo ushahidi wa maabara. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima nguvu anayotumia mtu mchangani wakailinganisha na ardhi ngumu, wakakuta kukimbia mchangani kunagharimu karibu mara 1.6. Kwa hesabu ya kijiweni, dakika 90 za hapo ni sawa na 144 za kwingine. Fowadi wa Msambweni anayelaumiwa kwamba amechoka dakika ya themanini, kwa kipimo hicho, ameshamaliza mechi, ameshamaliza na muda wa nyongeza, na anaelekea kwenye mechi nyingine. Watafiti hao hao waligundua kwamba kutembea mchangani ni ghali zaidi kuliko kukimbia, mara 2.1 hadi 2.7. Yaani adhabu kubwa zaidi ya alasiri yote ni kurudi nyumbani.

Sasa wanyama. Mbuzi hawana haja ya kutetewa kwa kazi ya nyasi, wanazipunguza bila mafuta wala mshahara na mbolea wanaacha papo hapo. Wanachosemwa ni kuingia uwanjani mchezo ukiendelea. Wenye sheria za soka waliliona hilo mapema. Mnyama, kwa sheria, ni kitu cha nje: akiugusa mpira, refa husimamisha mchezo na kuudondosha mpira uanze upya. Lakini mpira ukiwa tayari unaelekea wavuni, na mbuzi asiwe amemzuia beki kuucheza, ukiingia ni bao, hata kama umempita kwapani. Kwa hiyo refa wa kijiji anatakiwa kujua kwa mara moja mbuzi alikuwa wapi, beki alikuwa wapi, na mpira ulikuwa na nia gani, tena mwenye mbuzi amesimama karibu na fimbo.

Amejaribiwa mara nyingi na hakushindwa vibaya kuliko mwenzake wa Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 17 Oktoba 2009, Sunderland, hao hao, walikuwa wakicheza nyumbani na Liverpool. Shuti la Darren Bent likagonga mpira mkubwa wa plastiki, ule wa kuchezea watoto ufukweni, uliokuwa umetupwa uwanjani kutoka jukwaani. Mpira halisi ukabadilisha njia ukaingia. Refa akakubali bao, nalo ndilo lililoamua mechi, 1-0. Lilitakiwa kukataliwa, na wiki iliyofuata refa akapelekwa kuchezesha daraja la chini. Sunderland walidhulumiwa na mteremko, wakafidiwa na kitu cha ufukweni miaka sitini baadaye. Watu wa Diani wakisikia kisa hiki hawaoni ajabu yake, kwa kuwa katika ufuo wao hata ngamia wa kupanda watalii hukatiza eneo la hatari, na hakuna aliyewahi kushushwa daraja.

Mistari ndiyo fahari ya pekee ya kiwanja kibovu, kwa sababu haipo. Kuna siku hupigwa kwa chokaa, siku nyingine kwa majivu ya jikoni. Vyote viwili huchukuliwa na kusi kabla ya mapumziko. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, kuamua kuotea kulihitaji kamera 12 chini ya paa, zikimfuatilia kila mchezaji kwa alama 29 za mwili wake mara 50 kwa sekunde, na kifaa ndani ya mpira kikituma habari mara 500 kwa sekunde. Watu bado waligombana. Kijijini hugombana vilevile, bila gharama.

"Refa, mwanangu," huuliza mzee mmoja kutoka chini ya mwembe, kwa sauti ya upole inayosikika mpaka goli la pili, "hiyo ofsaidi umeiona kwa mstari gani?"

"Mstari ulikuwapo kipindi cha kwanza, mzee wangu."

Jibu hilo halina rufaa.

Magoli ni ya mvinje, mti unaopandwa sana pwani hii kwa ajili ya nguzo. Zamani wangekata boriti za mikoko, lakini Gazi, katikati ya Diani na Msambweni, mikoko imepata kazi bora: tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, fedha zikienda kwenye maji na shule. Mkoko uliosimama matopeni unalipa kuliko ukisimama golini. Basi mvinje mbili chini, moja juu. Sheria inataka mlingoti wa juu uwe mita 2.44 kutoka ardhini, na ukipima kwenye pembe huenda zikapatikana. Katikati mti umelegea, kama mgongo wa punda mzee. Kipa mfupi hupenda kusimama hapo hapo. Wavu ukikosekana, na hukosekana, mpira uliofungwa huendelea na safari hadi kwenye shamba la muhogo, na golikipa aliyefungwa ndiye anayekwenda kuuleta. Muda huo wa kutembea peke yake kati ya mihogo, akitafakari, timu za kulipwa huwapatia wachezaji wao kwa kuajiri mwanasaikolojia.

Kiwanja cha ufukweni kina mambo yake ambayo hata wa bara hawayajui. Hicho hakina fundi wala mfagiaji. Bahari huja kukiosha mara mbili kwa siku. Ubaya ni kwamba haitoi ratiba kwa mkono, lazima uisome mbinguni. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo yakiwa yametoka saa kumi alasiri Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yamejaa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, saa kumi alasiri kiwanja kiko chini ya bahari na samaki ndio wanaocheza. Atakaye mechi aje asubuhi. Maji mafu yakirudi, alasiri hufunguka. Wavuvi huyajua haya tangu utotoni na ndio makatibu bora wa ligi. Mwezi unaowaambia watu Idi ni lini ndio unaowaambia fainali ni lini, na kama ilivyo kwa Idi, huwa kuna wachache waliohakikisha tofauti. FIFA, inayosimamia soka la ufukweni kwa wachezaji watano kila upande na vipindi vitatu vya dakika 12, haikutia mwezi kwenye kanuni zake. Diani wachezaji ni kadiri ya walioko, na kipindi cha pili humalizwa na maji yakimfika mpiga kona magotini.

Kote kuwili kuna mlinda saa mwingine. Jua la hapa huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima, likizidi au kupungua robo saa. Mechi iliyopangwa kuanza saa kumi baada ya sala ya Alasiri huanza saa kumi na moja kasoro, kwa sababu mwenye mpira yuko njiani, na kiatu kimoja cha beki wa kushoto kiko miguuni mwa kaka yake anayecheza kijiji kingine. Dakika 90 pamoja na mapumziko haziingii humo. Mapumziko hukatwa, kipindi cha pili hupunguzwa, na adhana ya Magharibi ikianza hakuna refa anayeongeza dakika za majeruhi.

Fadhila iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho, nayo inahitaji kusimuliwa pamoja na habari ya kusikitisha. Agosti 2025 Kenya iliandaa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Tanzania na Uganda. Kasarani safari hii ilikuwa imefanyiwa ukarabati, nyasi zimekaa kama zulia, mistari myeupe imenyooka, huenda rangi yake ikawa na mchanga wetu ndani. Tarehe 22 Harambee Stars wakakutana na Madagascar katika robo fainali. Sare ya 1-1, kisha matuta, wakatolewa 4-3. Wachezaji wa Kenya walitazama chini, na chini hapakuwa na jiwe. Hapakuwa na mzizi wa mwembe wala shimo la kaa. Kila aliyekosa alikuwa amekosa kwa mguu wake mwenyewe, mbele ya taifa zima, na hakuna mahali pa kuuegesha ule mzigo.

Kiwanja kibovu hakimfanyii mtu ukatili huo. Beki aliyevishwa kanzu akaanguka ana jiwe la kuonyesha. Kipa aliyepigwa tobo ana tuta la siafu. Aliyepaisha penalti mpaka mnazini anao mlingoti uliopinda, na ukitazama umepinda kweli, huwezi kumbishia. Wanaochezeana hapo si wageni watakaoachana uwanja wa ndege. Ni muuza samaki na mteja wake, ni mwenye bodaboda na abiria anayedaiwa shilingi hamsini, ni mashemeji wawili watakaokula sinia moja Ijumaa inayofuata. Wangebebeshana wenyewe kwa wenyewe lawama za kila wiki, harusi ngapi zingefungwa kati ya vijiji hivyo? Lawama zinabebwa na kiwanja. Kinatukanwa, kinatemewa mate, kinapigwa teke kwa kiatu cha mpira, na wiki inayofuata kimelala pale pale, kimeinama vile vile, tayari kwa mashtaka mapya. Hata mshindi hukishirikisha: "Tumewafunga juu ya kiwanja kile, sasa fikiria tungekuwa kwenye kiwanja."

Huzungumzwa mara kwa mara kukisawazisha. Mwanasiasa huahidi katapila, kawaida kila baada ya miaka mitano. Wazee hushukuru, vijana hupiga makofi, na dalali aliyesimama nyuma ya umati hutoa kalamu.

Katapila halijafika. Jumapili, giza linapoanza kuingia, shuti la mwisho hupita karibu na mlingoti, ndani kwa mujibu wa timu moja na nje kwa mujibu wa nyingine, likapotelea kwenye shamba la muhogo. Watoto waliokuwa wakiuza mabuyu na kachiri hutupa vikapu vyao wakakimbilia huko. Mpira ukipatikana, watu wameshatawanyika wakibishana kama ni 2-2 au 3-2, na anayeuokota huenda nao nyumbani akalala nao chini ya kitanda, maana kuanzia alfajiri kiwanja kina ng'ombe.